Dipfeki ya mtu maarufu kwenye tangazo la uwekezaji: ni nini, na unaitambuaje

Dipfeki ni video, picha au sauti iliyotengenezwa kwa akili mnemba ili mtu aonekane akisema au akitenda jambo ambalo hakulisema wala kulitenda. Matapeli wa uwekezaji wanaipenda kwa sababu nyepesi: wao hakuna anayewaamini, lakini mtu maarufu ameshaaminiwa zamani.

Mfano unaojulikana sana ni wa Martin Lewis, mwanahabari wa mambo ya fedha wa Uingereza. Julai 2023 ilisambaa Facebook video ikimwonyesha akiusifia mradi uitwao Quantum AI, eti wa Elon Musk. Lewis hafanyi matangazo ya biashara. Tena mwaka 2018 alikuwa ameishtaki Facebook kwa matangazo ya uongo yaliyobeba sura yake, na kesi ikamalizwa mwaka uliofuata kwa kampuni hiyo kukubali kutoa pauni milioni 3 kwa kazi ya kupambana na utapeli. Matapeli walimchagua mtu anayewaonya watu dhidi yao, na kwa hesabu zao hawakukosea.

Mara nyingi hawaundi video nzima. Huchukua mahojiano ya kweli, wakabadilisha sauti na sehemu ya mdomo tu. Studio ni ya kweli, shati ni lake. Basi kodolea mdomo: kwenye m, b na p midomo ya binadamu hufumba, je, hii inafumba? Meno yanaonekana moja moja, au ni utepe mweupe? Je, anavuta pumzi anapoongea?

Ila dalili hizo mimi sizitegemei sana. Programu zinaboreshwa kila siku, na kwenye kioo cha simu, video ikiwa na ukungu wa bando dogo, hata ya halali huonekana na kasoro. Ushauri wa kuhesabu vidole, kwa kuwa akili mnemba ilikuwa ikikosea idadi yake, umeshachacha.

Kisichobadilika ni njia ya pesa. Tangazo linaahidi faida ya uhakika na kukuharakisha. Ukibonyeza, unaangukia ukurasa unaofanana na wa BBC, lakini anwani yake iliyo juu si ya BBC. Unaacha namba ya simu. Anakupigia "mshauri" mpole, anakuomba uanze na kiasi kidogo, mara nyingi dola 250. Baada ya hapo unaonyeshwa salio linalopanda, nalo ni tarakimu wanazoziandika wenyewe. Siku ukitaka kutoa, unaambiwa ulipe kwanza "kodi".

Kabla ya kutuma chochote, tafuta mahojiano ya awali kwa kuipiga picha skrini na kuitafuta mtandaoni, na upitie akaunti rasmi za mhusika. Kisha angalia kama kampuni ina leseni: Kenya ni kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Tanzania ni kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kama haina, achana nayo, hata video ikiwa halisi. Mtu maarufu anaweza kulipwa akasifia kitu kibovu kwa mdomo wake mwenyewe.

Na kama pesa imeshakwenda, wapigie benki au mtandao wako wa simu mara moja, kisha polisi. Baadaye huenda akajitokeza "wakili" anayeahidi kukurudishia zote kwa ada ndogo. Usimlipe: majina ya waliotapeliwa huuzwa, na mara nyingi huyo ni tapeli wa pili.