Asilimia mbili ya nini?

Ingia kibanda chochote cha gemu Umoja au Kayole jioni, au keti nyuma kwenye matatu ya Thika Road, na hutakosa kijana anayevuta wachezaji kwenye eFootball, gemu ya mpira ambamo unalipa koini upate mchezaji kwa bahati, akiwa karibu kumaliza koini alizonunua kwa M-Pesa. Anamwambia mwenzake: "Buda, hii ni asilimia mbili. Nishavuta arobaini, sasa imekaribia." Mwenzake anakubali kwa kichwa. Kesho yake utamsikia akisema maneno yaleyale kuhusu gemu nyingine kabisa, na hapo ndipo mimi hushindwa kunyamaza.

Nafasi ya kutoka ni uwezekano wa kitu adimu kupatikana katika jaribio moja: kuvuta mara moja, kuua bosi (adui mkuu wa gemu) mara moja, kufungua sanduku moja. Basi. Namba yenyewe haifichwi sana siku hizi, kwa sababu mwishoni mwa 2017 Apple ilianza kudai kwamba programu zinazouza masanduku ya bahati zitaje uwezekano wa kila aina ya kitu kabla mtu hajalipa. Gusa maelezo, utaiona.

Kile ambacho namba hiyo haisemi ni kinachotokea baada ya kukosa. Chukua pakiti ya karata. Ukitoa karata moja na kuiweka kando, pakiti imepungua, na ile unayoitafuta kweli imesogea. Ukitoa, ukaitazama, ukairudisha na kuchanganya upya, hujasogea hata hatua moja, hata kama umefanya hivyo tangu asubuhi. Gemu zina aina zote mbili, na zote mbili huandikwa kwa asilimia. Ugomvi wangu wote uko hapa.

Sanduku la kawaida la eFootball lenye wachezaji 150, watatu kati yao Epic, yaani wale adimu, ni la aina ya kwanza. Aliyetoka harudi, na skrini inakuonyesha waliobaki. Kwa hivyo yule kijana wa matatu ana haki ya kusema imekaribia, lakini tuhesabu imekaribia kiasi gani. Amevuta 40 bila Epic, wamebaki 110, watatu bado wamo ndani: nafasi imetoka asilimia 2 ikafika 2.7. Hicho ndicho alicholipia. Itabidi avute 100 bila Epic hata mmoja ndipo ifike asilimia 6. Isitoshe, zile asilimia 2 ni za Epic wote watatu kwa pamoja. Kama moyo wake uko kwa mmoja tu, alianza na mmoja kati ya 150, chini ya asilimia 1, na uhakika wa kumpata mtu huyo ni kumaliza sanduku lote. Sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo kabla ya kulipa.

Faded Wheel, gurudumu la bahati la gemu ya Free Fire, nayo hairudishi ndani zawadi iliyokwisha kutoka, ila kila mzunguko unakugharimu almasi (pesa za gemu hiyo) zaidi ya uliopita. Zawadi inakaribia, bei nayo inapaa.

Sasa nenda kwenye gemu ya World of Warcraft, uone aina ya pili. Kuna farasi anaitwa Invincible, hutoka kwa bosi aitwaye Lich King ndani ya ngome ya Icecrown Citadel, kwenye kiwango cha juu cha ugumu cha kikosi cha watu 25, kwa takriban asilimia 1. Bosi huyo hana kumbukumbu. Umemuua mara 99? Mara ya 100 ni asilimia 1 ileile. Wachezaji 100 wakimuua mara 100 kila mmoja, tarajia kama 37 kati yao watoke mikono mitupu. Wakifika mara 200, bado kama 13 wanamtafuta. Hao 13 hawajalaaniwa, akaunti zao hazina nuksi, na kucheza saa tisa usiku "seva ikiwa imetulia" hakutawasaidia chochote isipokuwa kuchelewa kazini.

Watu wakisikia hivyo husema basi hakuna mbinu. Ipo, ila haihusu kungoja zamu yako. Bosi huyo hukupa nafasi moja kwa wiki kwa kila mhusika, kwa hivyo wanaomtaka farasi huyo kwa dhati hulea wahusika wengi na kumpitia kwa kila mmoja. Mwenye wahusika kumi ana majaribio kumi kwa wiki. Kila jaribio ni asilimia 1 tu, lakini anayapata mara kumi zaidi yako.

Aina ya tatu ina dari. Gemu ya Genshin Impact inatoa mhusika wa nyota tano, wale adimu zaidi, kwa asilimia 0.6, lakini ukikosa mfululizo, mvuto wa 90 lazima umtoe. Hapo kuhesabu kuna faida ya kweli, maana hesabu inahamia kwenye bango (ukurasa wa muda wa kuvuta, wenye mhusika anayetangazwa) linalofuata la aina hiyohiyo. Ukiwa umefika 60 na bango la sasa halikuvutii, funga mkono. Tena jihadhari: dari inakuahidi nyota tano, haikuahidi yule aliyechorwa kwenye bango. Akitoka mwingine, ni yule wa nyota tano atakayefuata ndiye ana uhakika wa kuwa huyo unayemtaka.

Kwa hivyo, kaka, "asilimia mbili" siyo uongo, imekatika tu. Imalizie: asilimia mbili ya sanduku linalopungua, ya bosi asiyekumbuka, au ya bango lenye dari. Ukishaimalizia, mwenzako hapo kando atajua kama akuazime mia mbili ya koini au akuambie muende mkale chapati.