Je, wajua kwa nini ufito wa tramu ya modeli, yaani mfano mdogo wa gari la umeme la reli za mitaani, ni mgumu kuutengeneza kuliko mota yake?

Mota hununuliwa ikiwa tayari, na magurudumu vilevile. Kinachomtoa fundi jasho ni ule ufito mwembamba wa paani, unaogusa waya wa juu na kuiteremshia mota umeme.

Wengi huuacha uwe pambo, umeme wakaupitisha relini: reli moja chanya, nyingine hasi. Hapo ndipo kitanzi kinapoleta balaa, na tramu nyingi hugeukia kwenye kitanzi mwisho wa njia. Reli ikizunguka na kujirudia, chanya hukutana na hasi, shoti! Umeme ukitoka juu, reli zote mbili huwa njia ya kurudia tu, na kitanzi hakina neno.

Sasa uje uzito. Kipimo cha modeli kiitwacho HO hugawa kila urefu kwa 87, lakini uzito hufuata urefu, upana na kimo kwa pamoja, yaani 87 mara 87 mara 87: zaidi ya 658,000. Tramu ya tani 16 ingebaki na gramu 24 hivi! Springi ya ufito ikikaza kidogo tu, waya unainuka au magurudumu yanapoteza mshiko. Ikilegea, ni cheche na kukwamakwama. Kwa hiyo mafundi huficha vipande vya madini ya risasi sakafuni mwa tramu, kisha husokota springi kwa waya mwembamba wa fosfa-bronzi (aloi ya shaba), wakiuzungushia shina la keekee ndogo. Kupata mkazo sahihi ni kujaribu na kurudia. Hesabu haisaidii sana.

Nchani mwa ufito, kiatu cha shaba chenye mfuo, kinachoteleza kwenye waya, huniridhisha kuliko kigurudumu. Kigurudumu kinapendeza macho, ila ekseli yake ndogo hushika uchafu na umeme ukakatika. Kitako cha ufito nacho lazima kizunguke kwa wepesi, na egemeo linalozunguka kwa wepesi halipitishi umeme vizuri. Afadhali kulehemu kiwaya laini kinachoruka egemeo hilo. Kama bodi ni ya chuma, kitako kitengwe nayo kwa washa za plastiki.

Kwenye kona, waya wa juu usifuate katikati ya reli. Ufito huburutwa nyuma ya tramu, hivyo waya husogezwa kidogo upande wa ndani wa kona, la sivyo kiatu kitachomoka.