Presha na mawazo si kitu kimoja

Wengi Dar es Salaam huamini kuwa presha huletwa na mawazo, hivyo mtu akitulia imekwisha na dawa hazina kazi tena.

Kuna ukweli ndani yake. Ukikwama kwenye foleni ya Mbagala huku bosi anapiga simu, mwili humwaga adrenalini, homoni ya msukosuko, moyo hudunda kasi na presha hupanda, ukitulia, hushuka. Presha ya kudumu ni jambo jingine. Umri, urithi, unene, pombe na chumvi vina mkono mkubwa, na mara nyingi haiumi popote. Hata mcheshi wa kijiweni anaweza kuwa nayo.

Kuhakiki ni kupima, ila si ukiwa umetoka kugombania daladala. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziwe zimepita dakika 30, kojoa kwanza. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi. Ukipata 140/90 au zaidi siku tofauti, nenda kituo cha afya hata kama huna wasiwasi wowote. Na dawa ulizoandikiwa usiziache kabla ya kumwuliza daktari.