Je, wajua kwa nini povu la wimbi halichorwi kwa nyeupe tupu?

Mtu akichora mawimbi ya Ziwa Viktoria yakipiga mawe ya Entebbe, afikapo kwenye povu hukimbilia tyubu ya rangi nyeupe. Povu ni jeupe, basi lipakwe nyeupe. Kinachotokea ni pamba iliyobandikwa juu ya jiwe, haina uzito wala umbo. Akiongeza nyeupe, pamba huzidi kuwa pamba.

Kosa ni kudhani weupe ule ni mali ya povu. Tazama beseni la kufulia: sabuni ya mche ni ya buluu, povu lake jeupe. Ponda chupa isiyo na rangi, unga wake huwa mweupe. Kila kiputo kina ngozi nyembamba ya maji inayorudisha mwanga kidogo na kupitisha uliobaki. Mwanga ukigonga ngozi maelfu hutawanyika kila upande, rangi zote karibu sawasawa, nasi tunaona weupe. Povu, basi, hurudisha mwanga linaopewa. Jua la asubuhi hulitia umanjano. Kivulini hupewa mwanga wa anga tu, likawa na ukijivu wa buluu.

Kwa rangi za mafuta, anza na hicho kivuli: nyeupe ya titani takriban sehemu 8, buluu ya ultramarini sehemu 1, na kidogo sana ya sienna iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, kuzima ukali wa buluu. Mchanganyiko huu lazima ubaki mwangavu kuliko jiwe lililolowa. Ukianza kukauka, weka upande wa jua kwa nyeupe yenye chembe ya oka, ile manjano ya udongo. Nyeupe tupu huja mwisho, nene, kwa kisu, mahali pawili au patatu. Ukiiweka mapema juu ya rangi mbichi, hunyonya buluu na kuchafuka. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mbele ya wimbi linalojikunja huwa kivulini karibu kote.

Jihadhari pia na kuiga picha za baharini. Chumvi huzuia viputo kuungana, kwa hiyo povu la bahari ni laini na hudumu, likiacha michirizi mirefu kama nyavu nyuma ya wimbi. Viputo vya maji yasiyo na chumvi huungana na kupasuka upesi. Ziwani punguza nyavu hizo. Isipokuwa penye mwani mwingi unaooza: hapo povu hukwama kati ya mawe siku nzima, tena huwa na ukahawia, na oka huitaka zaidi kuliko nyeupe.