Nani hasa analipa kodi ya kampuni za mafuta?

Kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta Tanzania, ndani ya bei ya kila lita kuna tozo inayochangia mfuko wa umeme vijijini unaosimamiwa na REA, wakala wa nishati vijijini. Ni fedha zenye kazi njema, maana zimepeleka nguzo na nyaya vijiji ambavyo watoto wake walikuwa wakisomea kwa kibatari. Lakini tumtazame anayezitoa. Ni dereva wa bodaboda anayejaza lita mbili asubuhi, na abiria wake ambaye nauli yake imeshabeba tozo hiyo. Kampuni iliyoyachimba mafuta hayo huko yalikotoka haijaguswa hata kidogo.

Sisi tunaofanya kazi kwenye sera za nishati tunaunga mkono bila kigugumizi wito kwamba kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe zigharimie safari ya kuhamia nishati jadidifu, kama ya jua na upepo. Zimechuma kwa zaidi ya karne, na hewa chafu zimetuachia sote. Ila wito huo haujakamilika mpaka tuseme kodi inakatwa wapi. Ikikatwa kwenye lita, mlipaji ni mnunuzi. Ikikatwa kwenye faida, mlipaji ni mwenye hisa. Wanasiasa huziita zote mbili kodi ya mafuta, na mwananchi huambiwa atulie.

Uingereza inatufundisha mengi hapa. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya gesi na mafuta duniani ilipaa. Mwaka huo Shell, kampuni kubwa ya mafuta ya Uingereza, ilipata faida ya karibu dola bilioni 40, kubwa kuliko zote katika historia yake. Haikuwa imebuni kitu kipya wala kuchapa kazi zaidi. Vita ndiyo iliyoinua bei. Mei 2022 serikali ikaweka kodi ya ziada ya asilimia 25 ya faida, juu ya ile 40 ambayo wachimbaji wa Bahari ya Kaskazini walikuwa wakilipa. Januari 2023 kodi hiyo ya ziada ikapandishwa hadi 35, na Novemba 2024 hadi 38, hivyo jumla ikawa 78.

Asilimia 78 inasikika kubwa. Tatizo lilijificha kwenye misamaha. Sheria ya mwanzo ilisema kampuni ikiwekeza pauni 100 katika kuchimba mafuta au gesi zaidi, inapata nafuu ya kodi ya takribani pauni 91. Yaani hazina ya umma inabeba 91, mchimbaji anabeba 9. Mitambo ya upepo haikuwa na nafuu hiyo. Kwa hiyo kodi iliyopigiwa debe kama ya kuwabana wachimbaji ikawa inawalipa wachimbe tena, na Oktoba 2022 Shell yenyewe ikaeleza kwamba ilikuwa bado haijalipa chochote kwa kodi hiyo, kwa sababu uwekezaji wake ulikuwa mkubwa. Sehemu ya nafuu hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 2024, pale serikali mpya ilipotangaza wazi kwamba mapato ya kodi yasaidie kuhamia nishati safi. Ndiyo maana huwa tunawasihi waandishi wa habari: mkiletewa muswada wa kodi ya mafuta, kiwango kisomeni mwisho, misamaha isomeni kwanza. Wala kiwango chenyewe si cha kuwafukuza wachimbaji: Norway inatoza asilimia 78 hiyo hiyo tangu miaka ya 1990 na wachimbaji hawajaikimbia.

Kodi ya Uingereza ina upungufu mwingine: inashika faida inayochumwa Uingereza tu, ilhali sehemu kubwa ya faida ya kampuni kama Shell huchumwa kwingineko. Jimbo la New York nchini Marekani limejaribu njia tofauti. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 inazidai kampuni kubwa dola bilioni 75 kwa miaka 25, na kila moja inagawiwa deni lake kulingana na gesi joto, zile zinazoongeza joto la dunia, zilizotokana na mafuta yake katika miaka iliyopita, kuanzia 2000. Aliye chini ya tani bilioni moja hahusiki. Vermont, jimbo lililoathiriwa vibaya na mafuriko ya Julai 2023, lilitangulia na sheria ya aina hiyo.

Watu huuliza mara moja: si watatupandishia bei? Hapa ndipo hesabu ya miaka iliyopita inapokuwa na nguvu. Deni hilo haliongezeki wala kupungua kwa lita zinazouzwa leo. Bei ya pipa hupangwa na soko la dunia, na kampuni inayodaiwa ikipandisha bei yake, mnunuzi atahamia kwa isiyodaiwa. Deni linabaki kwenye faida. Lazima niseme pia kwamba fedha za New York ni za kurekebisha madhara na kujikinga, kama mifereji ya maji ya mvua na kuta za pwani, si za kujenga mitambo ya jua. Na zimepingwa mahakamani: majimbo 22 yalifungua kesi Februari 2025, kisha serikali ya shirikisho ikafuata Mei.

Huku kwetu suala lina utata wake. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linamilikiwa asilimia 62 na TotalEnergies ya Ufaransa, lakini kampuni za mafuta za umma, TPDC ya Tanzania na UNOC ya Uganda, zina asilimia 15 kila moja. Umma ni mbia. Faida ikikatwa, gawio letu nalo linakatwa, na serikali itashawishika kuwa mpole kwa mbia wake. Isitoshe, mikataba mingi ya mafuta duniani hubeba vifungu vinavyozuia serikali kubadili kodi katikati ya safari bila kumfidia mwekezaji. Wabunge wa Dodoma na Kampala waulizwe sasa kama vifungu hivyo vimo, vinadumu miaka mingapi, na ni sehemu gani ya gawio la TPDC na UNOC itakwenda kwenye umeme wa jua na upepo, ili mwenye bodaboda asiendelee kuubeba mzigo huo peke yake.