Moduli ya redio ni nini, na uchukue ipi kwa bodi yako

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, unaiandikia programu kwenye laptop, unaipakia kwa waya wa USB, na toka hapo inarudia kazi ileile mpaka umeme ukatike. Ile ya bodi ya Arduino Uno R3 inaitwa ATmega328P, ina kilobaiti 32 tu za kuweka programu na redio haina kabisa. Sasa moduli ya redio ni bodi ndogo yenye chipu ya kurusha na kupokea, unaiunga kwenye pini za maikrokontrola, programu yako inaipa ujumbe, yenyewe inaurusha hewani.

Wengi wakienda dukani wanauliza ipi inafika mbali. Mi naona anza na umeme utautoa wapi. Chukua kifaa cha kupima maji kwenye tenki. Tenki likiwa juu ya paa na WiFi ya nyumbani inafika, moduli ya WiFi ya ESP8266 inatosha sana, tena ina maikrokontrola yake humohumo ndani kwahiyo Uno huihitaji, ila ikirusha inaweza kuvuta zaidi ya miliampia 300 kwa mkupuo na ukiiacha macho muda wote betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya mviringo ya kuchaji) haimalizi siku mbili, lazima uiandikie programu ya kulala iwe inaamka kila baada ya dakika kadhaa. Tenki likiwa shambani, kilomita mbili toka nyumbani, hapo ni LoRa, redio ya masafa marefu. Inafika mbali kwa umeme kidogo kwa sababu inatuma polepole mno, "maji yamebaki nusu" yanapita vizuri, picha sahau. Na funga antena kabla hujawasha, ikirusha bila antena chipu inaweza kuungua.

Kama ni bodi mbili tu zinaongea zenyewe kwa zenyewe chumba hadi chumba, moduli ya nRF24L01 ni ya bei nafuu na inatosha. Inataka volti 3.3, ukiipa 5 kwenye VCC, pini ya kuingizia umeme, umeiua. Halafu ina tabia moja, inatuma mara inakata, unakesha unasoma programu mstari kwa mstari kumbe kosa halipo huko, umeme ndo unayumba. Lehemu kapasita ya elektroliti ya maikrofaradi 10 (kisehemu kinachotunza umeme kidogo) kati ya VCC na GND, pini ya hasi, palepale kwenye miguu ya moduli sio mwisho wa waya, na ule upande wa kapasita wenye mstari uende GND.