Mwacheni bibi aongee

Alhamisi wameingia wazazi wengine, wa tatu mwezi huu. "Daktari, Kiswahili tumeshakiacha nyumbani. Tumeambiwa lugha mbili zinamvuruga." Mtoto ana miaka mitatu, ana usonji, hajaanza kusema. Baba anamsemesha Kiingereza cha ofisini, mama anapima kila neno kabla ya kulitoa, na bibi, ambaye ndiye anayeshinda naye kutwa, ameombwa anyamaze. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lugha na usemi wa watoto, ila hilo nimeshachoka kulisahihisha.)

Nani aliwaambia? Mara mwalimu wa chekechea, mara jirani, mara, aibu yetu, mtaalamu mwenzangu. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha moja na wanaolelewa kwa mbili hazijaona kwamba hao wa mbili wanachelewa zaidi. Hilo limeisha. La kukata udata, ule utando wa chini ya ulimi, ili mtoto aseme, nalo tulimalize hapa hapa: mtoto ambaye haonyeshi kitu kwa kidole wala hageuki akiitwa, ulimi wake una kosa gani? Mpimeni masikio kwanza.

Nilimwomba mama acheze na mwanawe, nikawarekodi kwa simu yake mwenyewe. Kwa Kiingereza nilisikia: njoo, kaa, hii nini, rangi gani, sema. Amri na mitihani. Nikamwambia, haya, cheza kama ulivyochezewa wewe. Akaanza kumtekenya, vidole vinapanda mkono taratibu, "anakuja, anakuja, anakujaaa..." akanyamaza kabla ya kufika kwapani. Mtoto akamtazama usoni, akauvuta mkono wake. Zamu yake hiyo, kaichukua bila neno hata moja. Mama akacheka, "Tena! Anakuja tena!" Kiingereza chake hakina mchezo huo. Bibi bila shaka anayo mingi.

Halafu kuna vitabu vyetu, vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, vinavyomwambia mzazi apunguze maneno hadi moja au mawili. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inakwama mara moja. "Umeanguka" utaihesabu neno moja au sentensi? Matokeo yake nakuta wazazi wanaopogoa viambishi, wanamwambia mtoto "maji taka", "gari enda", lugha ambayo haina mwenyewe kuanzia Lamu hadi Mtwara. Mpe sentensi fupi iliyokamilika: "Mpira umeanguka." "Gari linaenda." Viambishi hivyo ndivyo atakavyovihitaji baadaye, atavitoa wapi kama havisikii?

Na ekolalia, yaani mtoto kurudia maneno ya wengine kama yalivyo, jamani. Mtoto ana kiu, anasema "Unataka maji?" Mzazi anaona ushahidi kwamba Kiswahili kimemchanganya. Amelibeba swali lako zima kama lilivyo, kwa sababu ndilo analolisikia kila maji yanapokuja. Leo Kanner, daktari wa akili za watoto, aliliandika jambo hili mwaka 1943 kwa watoto aliowachunguza Marekani, na kule hapakuwa na Kiswahili cha kulaumiwa. Msemee kwa nafsi yake, "Nataka maji," kisha mpe maji. Mpe hata kama hajarudia. Kikombe kinachoshikiliwa juu hadi mtoto atamke kinamfundisha kulia.

Sasa yanayonisumbua mwenyewe. Wapo watoto ambao Kiingereza wamekiokota kwenye katuni, wanatoa mistari mizima katika nyumba ambamo hakuna anayekiongea. Zamani niliwaambia wazazi wajibu kwa Kiswahili tu. Siku hizi nasema mfuateni kwa lugha aliyokuja nayo, kisha mwongezee ya nyumbani. Siku nyingine nahisi nimekosea.

Pia siahidi maneno. Katika PACT, jaribio la Uingereza la kuwafundisha wazazi namna ya kuwasiliana na watoto wenye usonji, lililochapishwa mwaka 2010 likiwa na watoto 152, wazazi waliofundishwa walibadilika waziwazi katika namna ya kumjibu mtoto, na mtoto akawa anaanzisha mawasiliano nao zaidi. Lugha ilipopimwa na wataalamu, tofauti ilikuwa ndogo. Mzazi anayenilipa kwa saa ana haki ya kulijua hilo, ingawa kila nikilisema naona uso wake unavyoshuka.

Baba aliuliza, je, shule itakapokuwa ya Kiingereza? Nikamjibu shule itafundisha Kiingereza, ndiyo ada anayolipia. Hakuridhika sana. Alhamisi ijayo nimewaambia waje na bibi.